Mkutano Usiofungwa

Mwaka 1774, mwezi wa Julai, Hepzibah Thayer alichemsha majani ya rasiberi, akampa mumewe kikombe. Eliakim akaonja, akakunja uso.

"Hii chai au dawa ya minyoo?"

"Kunywa. Si wewe uliyeapa mbele ya watu kwamba chai ya Mwingereza haitaingia humu?"

"Mimi niliapa. Ulimi wangu haukuapa."

Jotham Pell, jirani yao na karani wa kijiji chetu hapa Massachusetts, koloni la Mwingereza katika Amerika, alikuwa anaingia. Alicheka, lakini mkononi alishika karatasi.

"Hebu niambie, karani," Eliakim alisema. "Kodi yenyewe ya chai ni ndogo. Kweli tunagombana na mfalme kwa sababu ya majani?"

"Si majani. Kodi imepangwa na bunge la London. Mle ndani tuna mbunge wetu?"

"Hatuna."

"Hata mmoja. Tulipokataa, wakafunga bandari ya Boston. Sasa wanafunga midomo." Akasoma karatasi. "Kuanzia Agosti, ni marufuku kuitisha mkutano wa kijiji bila ruhusa ya gavana wa mfalme."

Hepzibah aliacha kusokota sufu. Kwetu kila jambo liliamuliwa mkutanoni: barabara, mwalimu, hata nguruwe wanaozurura. Asiye na mkutano alikuwa mpangaji tu katika nchi yake.

"Basi tumekwisha," alisema Eliakim. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mikutano.

"Soma tena," Hepzibah alisema. "Wamekataza nini hasa?"

"Kuitisha mkutano."

"Na ule ulioitishwa tayari?"

Jotham akapiga goti lake. "Mkutano wa Machi! Uliitishwa kihalali, na hatujaufunga. Tumekuwa tukiuahirisha tu. Ukiahirishwa tena, si mkutano mpya. Eliakim, Jumatatu usithubutu kutamka 'nimefunga'."

"Mimi mtoto?"

Jumatatu watu walijaa. Mambo yalipokwisha, Eliakim alisimama. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amemalizia mikutano kwa maneno yale yale, na mazoea yana nguvu.

"Ndugu zangu, nime..."

Jotham akakohoa kama ng'ombe aliyepaliwa. Eliakim akatoka jasho.

"Nimeahirisha! Hadi Agosti kumi!"

Siku hiyo ilipofika, afisa wa gavana aliingia na sheria mkononi.

"Nani ameitisha mkutano huu?"

"Hakuna," Eliakim alijibu.

"Hakuna vipi? Hawa wote wamefuata nini?"

"Huu ni mkutano wa Machi, bwana. Sisi tunaongea sana."

Watu walicheka mpaka madirisha yakatikisika. Afisa alisoma sheria yake mara mbili, akaondoka uso ukiwa mwekundu kwa hasira. Nami nasema wazi, nilifurahi sana.

Mkutano ukaendelea kuahirishwa. Humo tuliamua vijana wafanye mazoezi ya kivita na baruti ihifadhiwe. Mwezi wa Aprili uliofuata, askari wa mfalme walitoka Boston kwenda kuchukua silaha za watu, na damu ikamwagika. Kijiji chetu hakikushtukizwa. Wanaume ishirini waliondoka wakiwa tayari. Wawili hawakurudi, na bado tunawalilia.

Mwaka 1776 baraza letu la Massachusetts liliuliza vijiji vyote swali moja. Eliakim alilisoma polepole.

"Tukijitenga na mfalme, mtasimama na nchi kwa maisha yenu na mali zenu? Anayekubali anyooshe mkono."

Mikono ikainuka yote. Eliakim alilia hadharani, wala hakuona haya.

Hepzibah alikuwa nje, dirishani, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Naye alikuwa ameinua mkono.

Jotham alipotoka alimwonyesha kitabu cha kumbukumbu.

"Nimeandika 'wote', Bi Thayer."

Hepzibah alisoma neno lile.

"Umeandika vizuri, karani. Sasa wafundishe hao waliomo ndani maana yake, kwa sababu siku moja nitaingia kwa mlango."