Hapo Hapo, Usiguse

Niapie kwanza. Weka mkono kifuani useme hutamwambia mtu. Hata mumeo. Hasa mumeo, maana wanaume ndio wanaotembeza maneno halafu tunasingiziwa sisi.

Umeapa? Haya. Mimi nami niliapa, tena mbele ya wapangaji wote wa jengo letu, kwamba haya hayatatoka kinywani mwangu. Basi sogea karibu. Na kama unakula, sukuma sahani kando.

Mdogo wangu, wa tumbo moja, alikuwa wiki ya tatu kitandani. Hospitali walimpima damu, mkojo, kifua, wakasema hana kitu. Hana kitu, na huku anakwisha kama sabuni! Mashavu yamebonyea, sauti imekauka, amebaki macho. Furaha yake ilikuwa moja tu: tamthilia ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Alitaka kujua kama yule binti ataolewa na daktari au na yule tapeli. Mimi nilikuwa naomba tu afike huko.

Lakini kila jioni tamthilia ikianza, picha inaganda. Uso wa binti unakatika vipande vya mraba, mdomo huku, jicho kule. Kisha giza, na maandishi: HAKUNA MAWIMBI. Na kila ikikatika, mdogo wangu anakoroma... kama mtu anayevutwa kitu kooni.

Jengoni kwetu dawa ya hilo inajulikana. Antena zote ziko juu ya paa, na juu hakukosi mtu, anaanua nguo au anahangaika na antena yake. Unatoa kichwa dirishani unapaza sauti, "Aliye juu, nigeuzie!" Aliye juu anageuza. Wewe unatazama televisheni na kumwelekeza: bado, bado, rudisha kidogo, hapo hapo, usiguse! Huulizi ni nani. Unashukuru, yamekwisha.

Nilifanya hivyo siku ishirini. Kila siku aligeuza. Kila siku nikasema asante, Mungu akuzidishie.

Mungu akuzidishie! Mdomo wangu huu.

Sasa, mlango wa pili kutoka kwetu alikaa mwanamke tuliyemwita Bi Marashi, maana ukipishana naye kwenye ngazi unapiga chafya mpaka kesho. Ananizidi miaka minne, na jino la mbele lilishamtoka zamani, pengo liko wazi. Lakini siku zile ngozi yake ilikuwa imeanza kunyooka kama shuka lililopigwa pasi. Wanawake wa jengo zima tukamteta: anapaka nini? Mimi nilisema anajichubua. Nakiri.

Ila kwa moyo, jamani! Kila asubuhi alimletea mgonjwa bakuli la uji, akakaa naye, akamchana nywele. Mgonjwa akionja vijiko viwili anafunga mdomo. Nami siwezi kuona chakula kinamwagwa, nikawa namalizia. Uji mzito, una utelezi kidogo, mtamu. Hata magoti yangu, yaliyonitesa miaka saba, yakaacha kuuma.

Hilo la magoti sikumwambia mtu.

Jioni ya siku ya ishirini na moja nikaenda kumfuata fundi wa televisheni kibandani kwake. Nilikuwa nimemwita tangu juzi. Nikamkuta anafunga begi.

"Wewe baba, unataka mgonjwa wangu afe bila kujua nani kaolewa?"

"Ndiyo nakuja, bibi. Usinilaani."

Tulipoingia chumbani televisheni inaonyesha, safi kabisa. Fundi akasimama mlangoni. Akaitazama. Akanitazama mimi.

"Nani kakutengenezea?"

"Atengeneze nani? Subiri, itaganda sasa hivi."

Akaweka begi chini polepole, kana kwamba lina mayai. Akachukua rimoti, akafungua ile sehemu inayoonyesha nguvu za mawimbi.

"Asilimia tisini na tisa," akanong'ona. "Namba hii sijawahi kuiona. Hata kwa wenye nyumba zao."

Akageuza king'amuzi, akaanza kufungua waya wa antena kwa nyuma. Mzunguko wa kwanza. Wa pili...

Harufu ikatoka.

Nitakuelezaje? Jino bovu. Mdomo wa mtu aliyelala na nyama katikati ya meno, siku tatu, dirisha limefungwa. Na juu ya uvundo huo, kwa mbali, marashi.

Kwenye ncha ya waya likaning'inia tone. Zito. Jeupe. Likarefuka, likakataa kukatika, likafika sakafuni bado limeshikana na waya.

"Maji ya mvua hayo?" nikauliza.

"Mvua ina miezi miwili haijanyesha, bibi."

Alikuwa amelishika. Akalisugua kati ya vidole viwili, likafanya nyuzi. "Ni la moto," akasema, na uso wake ukakunjamana kama anayetaka kulia. Akajifuta kwenye suruali, akajifuta tena, akajifuta tena.

Ulimi wangu ulikuwa umeujua ule uzito kabla yangu.

Akarudisha waya haraka. Picha ikaja, ikaganda. Vipande. Mdomo huku, jicho kule. HAKUNA MAWIMBI. Kitandani mdogo wangu akaanza kukoroma, shingo imekaza, vidole vinakwaruza shuka.

Mazoea ni ugonjwa. Nikakimbilia dirishani.

"Aliye juu! Nigeuzie!"

Ikajibu sauti ya chinichini, yenye mate mengi:

"Hivi je?"

"Bado!"

"Hivi?"

"Rudisha kidogo... kidogo... hapo hapo, usiguse!"

Picha ikarudi, inang'aa. Mdogo wangu akalegea, macho yamegeuka meupe. Nilikuwa nafungua mdomo kushukuru fundi aliponishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi.

"Bibi. Unaongea na nani?"

"Na aliye juu. Anageuza antena."

Akapiga goti, akafungua zipu ya begi. Ndani, na kutu yake, na kile kitambaa chekundu nilichoifunga mwenyewe ili isichanganywe na za watu, ilikuwemo antena yetu.

"Nimeishusha mchana, ukiwa umelala. Nilikwenda kuichomelea. Juu umebaki waya mtupu."

"Hivi je?" sauti ikauliza tena.

Safari hii haikutoka dirishani.

Ilitoka kwenye televisheni.

Nilipiga ukelele ambao sikujua bado ninao. Milango ikafunguka. Mwalimu wa chini akaja na ufagio, fundi cherehani akaja na mkasi, na nyuma yao jengo zima, maana kwetu ukelele ni mwaliko. Tukapanda. Ghorofa ya pili, ya tatu, mpaka mlango wa paa. Mimi nilikuwa mbele.

Jua lilikuwa limezama hivi punde. Nguo zinaning'inia kwenye kamba. Na nyuma ya tangi la maji... mlio.

Fyoz. Fyoz. Fyoz.

Kama mtu anayefyonza mfupa, akimalizia kilichomo.

Mwalimu akawasha tochi ya simu.

Bi Marashi alikuwa amechuchumaa, miguu mitupu, kilemba kimeanguka. Waya wetu ulikuwa umepita kwenye lile pengo la jino. Mashavu yanaingia, yanatoka. Udelele mweupe unamtiririka kidevuni na kudondoka, polepole, kwenye bakuli aliloliweka katikati ya magoti.

Bakuli la buluu. La maua. Nililijua, nilikuwa naliosha mimi kila asubuhi.

"Jamani," akasema fundi cherehani, na kutapika kwenye nguo zilizoanikwa.

Fundi wa televisheni akaushika waya, akavuta. Nilidhani utachomoka mara moja. Ukaja... ukaja tu. Urefu wa mkono mmoja. Mikono miwili. Unatoka tumboni, unafuka mvuke, na umezungushiwa nywele ndefu za mvi. Nywele za mdogo wangu. Mwanamke anafurukuta lakini macho yanacheka. Mkono wa tatu. Wa nne. Ukachomoka, pwaa! kama kizibo.

Na kutoka chini, dirishani kwetu, ikapanda sauti tuliyoisahau wiki tatu:

"Dada! Kwani wameshaoana?"

Watu wakalia, watu wakacheka. Mimi nilikaa chini nikatoa shukrani kwa Mungu, safari hii kwa anayestahili.

Bi Marashi uso ulikuwa umeanza kuporomoka, mikunjo juu ya mikunjo, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Hakuona haya. Akajipangusa kidevu kwa kiganja. Akalamba kiganja. Kisha akanitafuta mimi katikati ya watu wote wale.

"Mbona mnanikodolea macho peke yangu? Muulizeni huyo. Nani alikuwa ananiambia hapo hapo, usiguse?"

Akaninyooshea kidole.

"Na magoti je, jirani? Ngazi zote hizi umepanda wa kwanza, hata ukuta hukushika."

Mwalimu akageuza tochi. Wapangaji wote wakageuka nayo, wakayatazama magoti yangu.