Mwanangu Ananiita Mama Mdogo

Mimi ni mama wa miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, mkazi wa Mombasa. Nimezaa mara moja tu maishani mwangu. Na huyo mmoja, wasomaji wangu, ananiita mama mdogo!

Msinicheke. Nisikilizeni kwanza.

Bwana wangu, karani wa bandarini Mombasa, alifariki wakati binti yetu Rukia akiwa bado ananyonya. Nikabaki na mtoto na kalamu. Nilikuwa nikiandika ukurasa wa wanawake katika gazeti la Kiswahili, na kila Jumapili nikizunguka nyumba hadi nyumba kuwasihi kina mama wawapeleke binti zao shule. Wengine walinikaribisha kahawa, wengine wakanifungia mlango. Sikujali. Mdomo ninao!

Ulipofika wakati wa kumwachisha ziwa, Rukia alinishinda. Nikipaka shubiri, anaifuta kwa kiganja, ananyonya! Dawa yake kwetu mnaijua: mtoto hupelekwa kwa bibi au kwa mama mkubwa, na mama mzazi asionekane mpaka mtoto asahau. Nikapanda meli hadi Kilwa, nikamkabidhi kwa dada yangu Somoe, ambaye hakujaaliwa mtoto. Alimpokea huku machozi yanamtoka.

"Nenda, mdogo wangu, usigeuke nyuma. Akikuona atalia."

Sikugeuka... Laiti ningegeuka!

Nilikusudia miezi michache tu. Mara serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari Kenya. Makala zangu zilikuwa zimeshawachoma wakubwa fulani serikalini, nikaambiwa nisivuke mpaka kwenda kwetu bila kibali. Nikaomba, nikaomba tena... Wapi! Miaka ikapita. Nikawa natuma magauni kupitia mabaharia, nayo nimeyashona kwa kukisia. Ningejuaje mwanangu amenifika kiunoni au begani?

Niliporuhusiwa, nilirudi Kilwa, nikamkuta Rukia ukumbini anasuka ukili wa mkeka. Nikamkimbilia. Akaruka, akajificha nyuma ya Dada Somoe, kisha akachungulia na kusema kwa adabu, "Shikamoo, mama mdogo."

Nikamtazama dada yangu. Akainamisha macho.

Alikuwa amemwambia Rukia kwamba yeye ndiye aliyemzaa! Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ukanyamaza. Nililia, nikapiga kelele, nikamtukana dada yangu wa tumbo moja mbele za watu, Mungu anisamehe. Shemeji, mumewe Somoe, alisema kwa upole kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Neno lile lilinikata maini. Nikaenda kwa liwali, mwamuzi wa mji, naye akatuita sote.

Liwali alimweleza mtoto ukweli wote, pole pole, kisha akasema sheria iko upande wangu, nikitaka nimchukue saa ile ile. Moyo wangu ukaruka kwa furaha! Lakini Rukia alimkumbatia Dada Somoe miguuni. "Mama, usinitoe! Mama, nitakuwa na adabu!"

Hakuwa akiniita mimi.

Jamani, ningefanya nini? Nimburure hadi forodhani akilia? Mimi ninayesimama mbele ya kina mama kuwatetea binti zao mpaka sauti inanikauka, siku ile sikujitetea mwenyewe. Nikamwambia liwali basi, abaki.

Nje, Dada Somoe alinifuata, akanishika mkono. Akasema nimsamehe, ila nisimnyang'anye. Kumpiga nilitaka, kumkumbatia nilitaka. Mtoto ana afya, ana heshima, Kurani anaisoma vizuri. Nani aliyefanya hayo yote? Nikautoa mkono wangu, nikaenda zangu nikilia njiani kama mwendawazimu.

Sasa niko Mombasa. Naandika, nahutubia, watu wananisifu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huu wangu sina wa kumpa anisaidie kuubeba...

Wenzangu mnaofanya kazi mbali, nawasihi kwa jina la Mungu! Mpelekeni mtoto akaachishwe ziwa, sawa. Lakini akishasahau ziwa, mkamchukue upesi, kabla njia haijafungwa. Na wewe unayelea mtoto wa ndugu yako, mtajie mama yake kila siku, hata kama inakuuma.

Juzi mhariri wetu aliniomba niwaandikie kina mama ushauri juu ya malezi. Nimekaa na karatasi tupu tangu asubuhi. Haya ndiyo niliyoyaweza.