Pini ya Ishirini

Kila siku alipotoka shule, Kiroboto alipitia kwanza chumba cha mbele, alikoshonea Bibi. Jina hilo alipewa na Bibi mwenyewe, kwa sababu mtoto huyo hakuwahi kukaa kitako dakika tano mfululizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili na bado anarukaruka.

Chumbani mlikuwa na cherehani ya kawaida, na kando yake ovaloki, mashine inayokata kingo za kitambaa kwa kisu chake kidogo huku ikizifunga kwa nyuzi zisifumuke. Ilikuwa kuukuu, rangi imebanduka, na ikianza kazi ililalamika nyumba nzima ikasikia. Bibi aliinunua kabla mama yake Kiroboto hajazaliwa, na hakuruhusu mtu mwingine aiguse.

Bibi alikuwa na desturi moja. Kwenye mto wake mdogo mwekundu kulikuwa na pini ishirini, wala si zaidi. Alizihesabu kila alipomaliza kazi, mara moja tu, kwa ncha ya kidole, akiendelea na mazungumzo yake. Pini ikisahaulika kwenye kitambaa na kupita chini ya kisu cha ovaloki, kisu kimekwisha.

Jumamosi moja Bibi alikwenda kumpelekea mteja nguo. Kiroboto alikuwa anajishonea mfuko wa madaftari, ameubana kwa pini moja ya Bibi, na kingo zilimkera kwa kufumukafumuka. Akajiambia ataigusa mashine mara moja tu, nani atajua? Alikanyaga kanyagio, kitambaa kikakimbia, kisha kikasikika kishindo kikavu. Pini ilikuwa imekatika vipande viwili na kisu kimemeguka.

Alivifunga vile vipande kwenye karatasi, akavitupa jalalani, akaifunika mashine kama alivyoikuta. Mashine ni nzee, aliwaza, watasema ni uzee na hakuna atakayelaumiwa.

Jumatatu Bibi aliingiza gauni la mteja, na mashine ikalitafuna ukingo. Akaifungua, akakiona kisu. Kisha akahesabu pini. Kumi na tisa. Akahesabu tena, akapiga magoti na kupapasa sakafu nzima kwa kiganja. Kiroboto alisimama mlangoni akimtazama.

“Nimeisahau mimi,” Bibi alisema hatimaye. “Macho haya hayafai tena.”

Mama alimwambia kisu kinapatikana. Bibi akajibu kwamba kisu kitapatikana, lakini macho atayatoa wapi? Wiki hiyo alimrudishia kila mteja kitambaa chake, kimekunjwa vizuri, akimweleza kwamba yeye si fundi wa kuaminika tena. Na Jumamosi fundi wa mashine angekuja kuichukua ovaloki, isirudi tena.

Kiroboto alikosa hamu ya chakula. Jumatatu neno la kukiri lingekuwa jepesi. Kufikia Alhamisi lilikuwa zito, na kila mteja aliyetoka na kitambaa chake alilifanya liwe zito zaidi. Alijichukia.

Jumamosi fundi alifika, akalizungusha gurudumu la mashine kwa mkono na kutega sikio.

“Kikongwe huyu ana afya kuliko mimi,” alicheka. “Anadai kisu tu. Kwa nini mnamfukuza?”

“Mbovu si mashine, fundi,” Bibi alisema. “Ni mimi.”

“Si wewe, Bibi,” Kiroboto alisema, na machozi yakamtoka. “Pini niliivunja mimi. Ulipokwenda kupeleka nguo.”

Mama aliinuka kwa hasira, Bibi akamzuia kwa mkono. Alimtazama mjukuu wake.

“Uliniona nikipapasa sakafu?”

“Nilikuona.”

Fundi akafungua mkoba wake, na baada ya robo saa ovaloki ilikuwa inalalamika kama zamani, ina kisu kipya. Ikakubaliwa kwamba haitoki. Mama alimwamuru Kiroboto apite kwa wateja wote, aseme kwa kinywa chake aliyeharibu ni nani. Karibu wote walirudi. Mwenye gauni alikuwa ameshapata fundi mwingine, akabaki huko.

Jumatatu iliyofuata Bibi alimaliza kushona, akahesabu pini zake, ambazo kwa pini mpya zilikuwa ishirini tena. Akahesabu mara ya pili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimsogezea Kiroboto ule mto mwekundu.

“Nihesabie.”

Kiroboto alihesabu polepole. “Ziko ishirini, Bibi. Ulihesabu sawa.”

“Kisu kimebadilishwa kwa robo saa,” Bibi alisema. “Mimi bado sijaacha kujitilia shaka. Ungesema siku ileile, ningekukaripia, tukala, tukalala. Kosa usipolikubali halipotei, mjukuu wangu. Humwangukia mwingine, na safari hii lilimwangukia bibi yako.”

Kiroboto aliomba radhi, akasamehewa. Lakini tangu siku hiyo, kila jioni, Bibi alihesabu pini mara mbili, kisha akamwita ahesabu ya tatu. Na Kiroboto, asiyeweza kukaa kitako, aliketi akahesabu.