Kilichobeba Pikipiki ya Hourigan

Futi ya chuma ilisema mia sita na ishirini. Desmond Pfitzner akapima upya, kutoka ekseli ya gurudumu la nyuma hadi alama ya penseli aliyoichora mkiani mwa pikipiki. Milimita mia sita na ishirini, si zaidi si pungufu.

"Leonie, hebu nisomee. Macho yangu yamezeeka."

"Yalizeeka zamani, Baba." Binti yake akainama. "Mia sita na ishirini."

"Hicho ndicho kipimo tulichopata ikiwa imenyanyuliwa."

"Basi umesahau kuishusha."

Wakatazama chini wote wawili. Magurudumu yalikuwa yamekaa kwenye saruji.

Pikipiki yoyote ikishushwa huzama kidogo kwa uzito wake. Hii ya mbio ilipaswa kuzama milimita kumi, na thelathini akipanda mtu. Leonie akavaa suti yake ya ngozi, buti na helmeti, akapanda, akajirusharusha kitini. Desmond akapima. Mia sita na ishirini. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu ameibeba kutoka chini na hataki ishuke.

"Shokapu imekwama," Desmond alisema. "Lazima itoke."

Ilikuwa Jumanne, katikati ya Julai, na mvua ya majira ya baridi katika mji wa Mount Gambier ilikuwa haijakatika tangu Ijumaa. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Leonie alikuwa ameyasubiri miaka mitatu, na baba yake alikuwa amemwahidi kwamba safari hii atakimbia, tena atarudi mzima.

Saa kumi akaja jirani yao, Noel Tregenza, kama kila siku, akajimimina katika kochi kuukuu la gereji. Springi za kochi lile zilikwisha kufa. Hata paka akikaa, alizama hadi masikio.

"Siku moja mtanizika humu," Tregenza alisema, akipokea chai. "Haya, mlinunua kwa nani hilo dude?"

"Kwa Bibi Moira Hourigan, wa Penola. Ametupatia na stendi yake, na mikanda miwili ya kuningʼinizia."

Tregenza akashusha kikombe. "Mama yake Lachlan?"

"Hakutaja jina. Alisema tu kwamba ilikuwa ya mwanawe."

"Lachlan James Hourigan. Alikufa chini ya hiyo hiyo, Des. Wala si barabarani, gerejini kwao. Aliinyanyua kwa stendi inayoshika ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu la nyuma, kisha akatoa bolti ya shokapu. Mkono ukajikunja, pikipiki ikamkalia. Mama yake alikuwa jikoni na redio yake. Kijana aliita mpaka sauti ikakauka."

"Kosa la kitoto," Desmond alisema. "Ukitoa shokapu, unaifunga fremu na kuiningʼiniza kwenye boriti. Huwezi kuegemeza mzigo kwenye kitu unachotaka kukilegeza."

"Alilijua hilo, mzee. Alikuwa fundi. Ila siku ile alikuwa peke yake, na alikuwa na haraka."

Alhamisi saa nane mchana Desmond aliteremsha mlango wa gereji kuzuia baridi, akawasha redio, akaanza kazi. Gurudumu la mbele alilibana katika kibano chake. Mikanda yake mwenyewe ilikuwa kwa Tregenza, imefunga tangi la maji kwenye trela, kwa hiyo alichukua ile miwili ya njano ya Bibi Hourigan. Akaikagua uzi kwa uzi. Akaizungusha kwenye fremu, akaipitisha juu ya boriti, akavuta mikono ya kukazia yenye meno, jino baada ya jino, mpaka gurudumu la nyuma likaachana na saruji kwa upana wa vidole viwili. Kisha akajiningʼiniza yeye mwenyewe kwenye mkia wa pikipiki, miguu juu. Haikutikisika.

Bolti ya juu ya shokapu aliitoa mwenyewe, lakini ya chini ilikuwa mahali pafinyu, na vidole vya Desmond vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi.

"Sogea, babu," Leonie alisema. "Kazi hii inataka mkono wa binadamu, si ndizi."

Akalala juu ya boksi lililokunjuliwa, akapenyeza mkono hadi begani. Bolti ikatoka. Shokapu ikaanguka kando yake, na pale ilipokuwa pakabaki uwazi, na ndani ya uwazi ule mkono wake.

Kwanza ikaja harufu, ya ngozi iliyolowa na ya chuma, kama ya damu. Kisha, juu ya vichwa vyao, mkanda ukasema: tk.

"Leonie, toa mkono."

"Hautoki. Baba, kuna mtu huku."

"Usinitanie."

"Amenishika kiganja," alinongʼona. "Mkono wake ni wa baridi."

Tk, ukasema mkanda wa pili, na Desmond akauona kwa macho yake mkono wa kukazia ukijifungua wenyewe, jino moja, bila haraka, kama unavyofunguliwa na mtu anayeijua kazi yake, akaurukia mkia wa pikipiki na kuukumbatia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo katika umri wa miaka sitini na minane, akahisi uzito ukimwingia mabegani, kiunoni, magotini, akaitazama simu yake juu ya meza, hatua nne tu kutoka alipo, na saa ya ukutani iliyosema nane na dakika ishirini, akakumbuka kwamba Tregenza huja saa kumi, akapiga kelele kuliita jina la Tregenza mpaka koo likawaka, na redio nayo ikipiga kelele za mpira kumzidi, na mikanda ikiendelea, tk, tk, na binti yake chini akilia kimyakimya kama alivyolia utotoni alipoogopa kumwamsha mtu.

Ndipo ikatoka sauti kutoka chini ya pikipiki, pembeni mwa Leonie, sauti ya kijana mwenye adabu.

"Shikilia hapo hapo, mzee. Mimi nimelibeba hili miaka miwili. Nimechoka. Nataka kubeba kitu chepesi."

Desmond alishikilia. Hakuwa na jingine la kufanya.

Tregenza alipoinua mlango saa kumi na kusukuma jeki chini ya fremu, ilibidi amfungue rafiki yake kidole kimoja kimoja. Leonie alivunjika kifundo cha mkono. Daktari aliuliza ni nani aliyembana kiganja kiasi kile, kwa sababu alama tano za vidole zilionekana wazi.

Jumapili baada ya ibada akaja Mchungaji Edgar Noske, ambaye kila masika hubariki pikipiki za wilaya nzima uani kwa kanisa. Aliweka mkono juu ya tangi, akamwita Lachlan James Hourigan kwa majina yake yote matatu, akamwambia kazi imekwisha, aende akapumzike. Harufu ikapungua, ikaisha. Desmond, ambaye alikwisha kuirudisha shokapu, akashusha pikipiki na kupima.

Mia sita na kumi.

"Imezama!" Tregenza akapiga makofi. "Milimita kumi, safi kabisa! Leteni chai."

Leonie akaja na plasta yake, amebeba kikombe kwa mkono mzima, akajitupa kwenye kochi.

"Angalia litakumeza," Tregenza akamwambia.

Halikummeza. Mto wa kochi ulibaki bapa kama meza. Paka akaruka, akakaa kando yake, akazama hadi masikio.

Desmond alikuwa bado na futi mkononi. "Mkono unauma?" aliuliza polepole.

"Wala. Tangu Alhamisi sisikii uzito wowote, Baba. Hata ngazi nazipanda bila kuchoka. Mbona unanitazama hivyo?"

Nje, gari la mchungaji lilikuwa likiondoka. Na chini ya kochi, taratibu, mtu akashusha pumzi, kama fundi aliyekwisha kupata mkao mzuri.