Unga Usiotwangwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Benita alitwanga mihogo mbele ya kibanda chao cha turubai, katika kambi ya Kashuga. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tangu vita viwafukuze kwao Nyamitaba, hakulia wala kucheka. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi; mikono tu ndiyo iliyofanya kazi.

Mchana alimsaidia Madame Emérence, mwalimu wa kemia. Madame alikuwa amepaka madini ya bati kutoka migodi ya Walikale juu ya vitone vidogo mno vya sukari iliyoungua, kisha akavichoma mpaka sukari ikaisha na ndani pakabaki patupu, kama ganda la yai; vyote pamoja vilionekana kama unga. Unga huo, ukipakwa kwenye kigae na kupashwa moto kwa betri, hutambua gesi ya makaa ambayo pua ya mtu haiisikii. Wiki iliyopita gesi hiyo iliua watu wawili kambini, waliojifungia ndani na mbabula, jiko la makaa, ikiwaka.

"Pakaa ule unga ku kigae," Madame alisema siku moja akitoka kidogo. "Niko nakuya."

Benita akaona unga una mabonge. Kwao, unga wa mabonge ni aibu ya msichana. Akautia kinuni, akautwanga hadi ukalainika, ndipo akaupaka.

"Hukuuharibu?" Madame aliuliza aliporudi.

"Niliupakaa tu, Madame," Benita akajibu, bila kutaja kinu.

Mvua ikanyesha. Tate Mukagasana, bibi yake Benita, alikuwa akitetemeka kwa baridi kando ya mbabula, ndani ya kibanda chao. Madame akaingia na chombo chake cha kupimia, chenye kile kigae na sindano ya kuonyesha gesi, akakiwasha. Sindano haikutikisika.

"Hewa iko muzuri. Funga turubai, Tate apate joto."

Benita akashika kamba. Hakusikia huruma wala woga, lakini mikono ile ile iliyotwanga ikakataa kufunga.

"Madame, nilibeya, sikusema kweli. Ule unga niliutwanga."

Madame alimtoa bibi nje kwanza. Kisha akapaka unga mwingine aliokuwa ameuweka akiba, akakirudisha chombo ndani. Sindano ikaruka mpaka mwisho.

"We mutoto," Tate akasema huku akikohoa, "hata dawa ya gesi unatwanga!"

Madame hakucheka. "Ile tumbo tupu ya vile vitone njo gesi inaingiamo. Ulizivunja. Kukosa, kila mutu anakosa. Kuficha njo kunauaga. Ungenyamaza, kesho tungemuzika Tate yako."

Akamkabidhi Benita chombo. "Sasa wewe njo utapima nyumba zote. Ukikosa, useme."

Benita akakipokea. Aliogopa sana, na tangu Nyamitaba hilo ndilo jambo la kwanza alilolihisi.