Chai ya Maziwa ya Kiranja

"Nani amekutuma?"

"Nisikilize kwanza, mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Nimekuuliza, nani amekutuma kwa mkufunzi ukamwambie mimi siwezi kufundisha?"

Walikuwa koridoni, nje ya ofisi ya mkufunzi, na wenzao wa chuo cha ualimu wakijifanya wanasoma ubao wa matangazo. Ubao wenyewe mtupu, hauna hata karatasi.

Msichana wanamwita Mama Sweta, maana jua liwake litakavyo, sweta halitoki mwilini. Tezi yake ya shingo ni mvivu, haitoi kinachotakiwa, ndiyo maana ana baridi, ana uchovu, na nywele zinabaki kwenye kitana. Juu ya hayo ana wasiwasi. Akiitwa mbele ya watu, moyo unamwenda mbio kama amefumaniwa.

Mwanaume mwenye chupa ya chai mkononi ni mchumba wake, kiranja wa darasa lao. Kijana mzuri, mpole, ila akishakupenda anakuamulia mpaka upande wa kulalia.

"Jana ulilia kwenye mazoezi," Kiranja alisema kwa sauti ya chini. "Nikamwomba mkufunzi akuahirishie mtihani wa kufundisha mpaka mwakani. Upumzike."

"Mwakani! Nyie mmalize, mniache hapa na sweta langu?"

"Ni kwa faida yako."

"Faida yangu ina mdomo! Ungeiuliza!"

"Ningekuulizaje? Siku hizi muda wote umelala."

"Naumwa, Kiranja! Naumwa, sijafa!"

Pale kwenye ubao mtu akakohoa.

Ndipo mikono ikaanza kutetemeka. Kifua kikabana, koridoni hewa ikaadimika. Mama Sweta akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akakandamiza nyayo chini kama alivyofundishwa na mshauri wa chuo, akaanza kutaja polepole vitu anavyoviona.

"Ndoo. Ufagio. Mlango. Mjinga."

Mjinga akapiga magoti, akafungua chupa. "Kunywa chai kidogo."

Aliusukuma mkono ule. Chai yote ikaishia kwenye suruali ya Kiranja, mahali ambapo mtu hawezi kujipangusa mbele za watu.

Jioni simu ikalia.

"Nisamehe. Nilikuwa na hofu."

Akajibu: "Hofu ni yangu. Usiniibie."

"Alfajiri nikuletee chai?"

"Kanywe na mkufunzi wako."

Kesho yake akaenda kliniki kuchukua majibu ya damu. Daktari, mama mtu mzima asiyebembeleza wagonjwa, alisoma, akasoma tena.

"Binti, vidonge unameza au unapambia dirisha?"

"Nameza, daktari. Kila alfajiri, haki ya Mungu."

"Unamezea nini?"

"Chai."

"Chai gani?"

"Ya maziwa."

Daktari akavua miwani. "Siku ya kwanza nilikuambia nini? Tumbo tupu, maji matupu, usubiri saa nzima ndipo unywe chai yako. Maziwa yanaizuia dawa isiingie mwilini. Sasa nani aliyebadilisha maagizo yangu?"

"Mchumba wangu. Kila alfajiri analeta chupa mlangoni hosteli, ananimiminia, anasimama mpaka nimalize. Nikaona nikimwambia asubiri, atahuzunika."

"Ukaona bora ihuzunike tezi!"

Mama Sweta akainama. "Kwa hiyo wasiwasi huu ni wa tezi?"

"Sehemu. Ulikuwa nao kabla hujaumwa, kwa hiyo mshauri wako usimwache. Na usitegemee miujiza, dawa inachukua wiki kadhaa."

"Mtihani wangu ni Jumatatu, wasipouahirisha."

"Basi nenda hivyo hivyo. Sweta na yote."

Hakufika hata getini. Akapiga simu.

"Mpenzi..."

"Chai yako inanimaliza!"

Sauti ya Kiranja ikapanda juu kama ya mtoto aliyekanyagwa. "Sijaweka kitu! Waulize wote! Sijaweka kitu!"

"Umeweka maziwa!"

Akamweleza yote, njiani, kwa kelele, watu wakimpisha. Alipomaliza, Kiranja naye akawaka.

"Muhula mzima unainywa huku unatabasamu? Unajua inakuumiza?"

"Sikujua ni kiasi hicho..."

"Ulijua umeambiwa maji! Kumbe mimi mtoto, nitalia kwa sababu ya kikombe? Nimekuamulia, sawa, nimekosa. Na wewe unanificha. Nikujue vipi mtu unayenichekea tu?"

Mama Sweta akasimama kando ya njia. Hapo alikuwa ameshikwa.

"Niliogopa kukuudhi," akasema. "Wewe uliogopa nitaanguka. Hofu za watu wawili, wa kuzibeba mimi."

"Nifanye nini sasa?"

"Twende kwa mkufunzi. Uyameze maneno yako mbele yangu. Bila maziwa."

Kiranja alikwenda. Alisimama mbele ya meza ya mkufunzi, masikio yamemwiva.

"Nilisema hawezi, mwalimu. Sikumuuliza. Nilikosea."

Mkufunzi akamgeukia binti. "Na wewe unasemaje, unaweza?"

"Sijui, mwalimu. Lakini nikishindwa nataka nishindwe mwenyewe. Nisishindwe kwa niaba."

Mkufunzi akafungua daftari lake, akaandika. "Jumatatu. Usichelewe."

Jumatatu darasa lilijaa watoto, na mkufunzi nyuma kabisa na kalamu yake. Mama Sweta akaandika neno la kwanza ubaoni. Chaki ikakatika. Mikono ikaanza.

"Mwalimu, unaumwa?" mtoto wa mbele akauliza.

Angeweza kukataa. Muhula mzima amekuwa akikataa.

"Ndiyo, kidogo. Mikono yangu imekuwa na haraka kuliko mimi. Tuisubiri. Haya, pumueni na mwalimu, polepole."

Watoto wakapumua kwa kelele kama kiwanda cha matairi. Yeye akawa anataja moyoni. Ubao. Chaki. Madawati. Dirisha. Dirishani kichwa kikachomoza, kikamwona, kikazama haraka.

Mjinga.

Kicheko kikambana mahali palepale wasiwasi ulipokuwa umekaa. Akaokota chaki, akaendelea. Somo halikuwa zuri sana, lakini lilifika mwisho, na mkufunzi akampitisha huku akinung'unika kuhusu mwandiko.

Kesho yake alfajiri Kiranja alikuwa mlangoni hosteli na chupa yake. Mama Sweta akatoka na kikombe cha maji, akameza kidonge mbele yake.

"Haya, sasa?" Kiranja aliuliza.

"Sasa tunasubiri."

Wakakaa kwenye ngazi, jamaa kaikumbatia chupa kama yai. Matroni akapita na kanga yake begani.

"We kijana, mbona chai hummiminii mwenzio? Mmegombana?"

"Hapana, mama. Nimekatazwa na daktari."

Matroni akaenda zake akitikisa kichwa. Kiranja akatazama chupa, akatazama mlango, akamtazama Mama Sweta.

"Tukimaliza chuo, nije nyumbani kwenu na wazee wangu? Safari hii nakuuliza. Sijaamua."

Alikuwa bado na hasira naye kidogo, na baridi, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio. Akavuta sweta.

"Uliza tena baada ya saa moja," akasema. "Sasa hivi sina kitu tumboni."