Chuma Kizito Kinachoruka

Kitendawili, wajukuu zangu! Haya, natega: chuma changu ni kizito kuliko vyuma vyote, lakini nikikipa pumzi kinaruka. Mmeshindwa? Msinipe mji kwanza. Hata Bekzat alishindwa, na nusura apoteze mke.

Bekzat alikuwa muuza mafuta ya kupikia katika soko la Jezkazgan, mji wa shaba. Siku moja ya theluji, watu wamesongamana kwenye vibanda vya nyama ya farasi, akatokea binti mwenye koti la buluu na shungi jeupe la sufu, mashavu mekundu kwa upepo wa nyika.

"Kaka, una mafuta ya mahindi?"

"Ya alizeti tele, dada. Ya mahindi nani anayataka hapa?"

"Mimi. Nipe madumu yote uliyonayo."

"Mama yangu! Unakaanga nini, ngamia mzima?"

Binti akacheka. "Utajua ukinioa."

Aliitwa Sholpan, na mzaha ule ukazaa simu, simu zikazaa matembezi.

"Roho yangu, shungi lako mbona linanuka figili?"

"Ndiyo manukato yangu. Zoea!"

"Na yale mafuta je?"

"Kwani umeshanioa?"

Hatimaye mama yake Bekzat, Bibi Kulyash, akaenda kwa kina Sholpan na jamaa zake, akamtia binti hereni za fedha masikioni. Kwetu hereni za mama mkwe ndizo ahadi yenyewe. Mchumba akizivua, amekukataa.

Sasa sikilizeni kosa. Alasiri moja Bekzat alibeba dumu mwenyewe hadi lango la kiwanda alichofanyia kazi Sholpan, amfurahishe mwenzake. Sholpan akatoka mbio kumpokea, anacheka, na masikio matupu. Bekzat akaweka dumu chini, akageuka akaenda zake. Akahamia Balkhash kwa mjomba wake, simu akaizima.

Maskini Sholpan! Kazi yake ilikuwa kupasha moto unga mweusi wa chuma kiitwacho osmi ndani ya bomba la kioo, akiupitishia oksijeni. Unga ule hugeuka mvuke usioonekana, wenye harufu ya figili, ukakimbilia upande wenye barafu na kuganda fuwele za manjano hafifu, nzuri kama sukari ya mawe. Nzuri, ila mvuke wake hula macho. Ndiyo maana mlangoni huvuliwa hereni na mapambo yote, barakoa ikae sawasawa.

Kila jioni alipiga simu, haikuita. Akipita sokoni, kibanda kimefungwa. Siku moja, akiwa kazini, machozi yalimzidi, akainua barakoa ayafute, na kichupa cha fuwele kikamponyoka. Wenzake wakamwaga mafuta ya mahindi sakafuni. Yakageuka meusi kama masizi. Sholpan akarudishwa nyumbani, na kila taa aliyoitazama ilikuwa na duara la upinde wa mvua.

Bibi Kulyash akaja kudai hereni zake. Akamkuta binti amelala, macho yamevimba, hereni masikioni. Alipoelezwa kuwa huzivua kazini tu, akampigia mjomba wa Balkhash.

"Nipe huyo punda wangu! Bekzat, ulimuuliza mwenzio?"

"Mama, niliona kwa macho..."

"Macho yako yana ukungu kuliko yake! Njoo!"

Akaja na theluji mabegani, dumu mkononi. Akasimama mlangoni.

"Nani huyo?" Sholpan akauliza. "Naona duara la rangi tu."

"Ni mimi, roho yangu."

Sholpan akajiinua kitandani. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa jibu."

"Nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu, Bekzat."

Bekzat akapiga magoti, akazigusa zile hereni polepole. "Basi leo nauliza. Mafuta yote yale, unakaanga nini?"

"Hujanioa bado."

"Nitakuoa. Sema."

Sholpan akautafuta mkono wake, akaushika.

"Sikaangi kitu. Nina osmi, chuma kizito kuliko vyote; nikikipa pumzi kinaruka. Na kikiruka, hakuna kinachokishika kama mafuta yako."